Wafua Chuma na Wafua Nguo

Phineas Scollard alishuka kwenye treni mjini Braxton akiwa na mali mbili tu: ulimi wake na kola yake. Ulimi ulikuwa laini. Kola ilikuwa nyeupe, imetiwa wanga mpaka imekakamaa kama bati, naye aliilinda kuliko mlevi anavyolinda tone la mwisho. Katika maisha yake ya utapeli, kutoka Boston hadi Cincinnati, alikuwa amehitimu somo moja, nalo lilimtosha: watu hawatazami uso, watu hutazama kola. Mwenye kola safi akikuambia kesho jua litachomoza magharibi, utahamisha dirisha.

Hajatoka hata nje ya stesheni, masizi yakaanza kunyesha. Mbele yake bwana mmoja mnene, mwenye mnyororo wa saa uliovuka tumbo kama daraja, aliitazama chembe nyeusi iliyomtua shingoni, kisha akainua macho angani na kutabasamu kama mkulima aliyeonja tone la kwanza la masika.

"Wanafua kweli leo," akamwambia mwenzake. "Saa sita nabadili kola."

"Mimi nishabadili," mwenzake akajibu, kwa majivuno ya mtu anayetangaza amejaliwa mapacha.

Scollard akaganda pale pale, sanduku mkononi. Alikwishaona miji inayoabudu dhahabu na miji inayoabudu farasi wa mashindano, lakini mji unaoabudu uchafu wake wenyewe alikuwa hajauona. Dohani zilijipanga kando ya mto, na karibu zote zilikuwa za Bwana Abner Crull, aliyemiliki pia benki, maji ya bomba na nusu ya madiwani. Nusu iliyobaki aliikodi inapohitajika. Ni dohani moja tu, mwisho kabisa wa barabara ya mto, iliyokuwa haitoi kitu. Waliopita chini yake walishusha sauti. Scollard alimwuliza mama muuza tumbaku ile ni ya nani.

"Ya marehemu Gaunt," mama akajibu, na haikueleweka kama aliyefariki ni Gaunt au ni dohani.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Wahenga, Mungu awarehemu, hawakuwahi kupanda treni moja na Phineas Scollard.

Ufunguo wa kiwanda kile ulikuwa mikononi mwa mji, na mikono ya mji siku zile ilikuwa mikono ya Diwani Mulvey, mtu mwenye moyo wa huruma uliofikiwa kwa njia ya tumbo. Scollard alimlisha chaza, akamwashia sigara nene, akamweleza kwamba anataka kuufufua uhai wa mji. Diwani alitokwa na machozi, ambayo huenda yalikuwa ya moshi wa sigara, akatoa ufunguo kwa mkono wa kulia na kupokea hisa za bure kwa mkono wa kushoto. Hisa zenyewe zilikuwa karatasi nzuri mno. Scollard alikuwa amezichapisha kwa wino wa kijani, juu yake picha ya mwanamke mnene ameshika nyundo, na alijigawia fungu kubwa kupita nusu, kwa sababu mwenye kampuni lazima aonekane anaiamini kampuni yake.

Ndani ya kiwanda palikuwa na kutu na popo. Haikumsumbua. Alimwajiri mzee mmoja kiziwi aitwaye Jupp, akamwonyesha tanuri, akampa majani makavu yaliyolowekwa maji, lami, na viatu vikuukuu. Kufika alasiri dohani ya marehemu ilikuwa imefufuka. Moshi ulipanda mweusi, mnene, wenye shingo na mabega, ukauinamia mji kama ng'ombe anayemlamba ndama. Barabarani watu walivua kofia.

Baada ya hapo kazi ilijiendesha yenyewe. Daktari alinunua hisa. Mwenye hoteli ya Alderson alinunua hisa. Mchungaji wa kanisa la mawe alikuja kwa unyenyekevu, akauliza kiwanda hasa kinatengeneza nini.

"Baba Mchungaji, nikikuambia wewe," Scollard akamnong'oneza, "Bwana Crull atajua kabla hujafika nyumbani."

Mchungaji alifikiri kidogo, akaongeza hisa nyingine. Hakuna aliyeomba kuona chuma. Chuma cha nini, na moshi wanauona?

Kitu kimoja tu Scollard hakukipanga, na kilimpendeza kuliko alivyovipanga. Kila asubuhi wanaume walijipanga langoni kuomba kazi. Walikuwa wafua chuma waliofukuzwa na Crull baada ya mgomo, na majina yao yalikuwa yamepelekwa kila kiwanda cha bonde lile wasipate hata kazi ya kufagia. Walisimama na kofia mikononi, mstari mrefu wa kutosha kupendezesha mahali. Mbele yao daima alikuwa jitu moja refu la Kiayalandi, koti lenye viraka, mkono wa kushoto umepungukiwa vidole viwili vilivyobaki kwenye mashine ya Crull. Sauti yake ilikuwa nzito kama kengele ya kanisa.

"Bwana mkubwa, leo kuna kazi?"

Scollard alitazama viraka vya lile koti, akajibu kama alivyojibu jana, "Njooni kesho, vijana." Akapita, akitamani mstari ungekuwa mrefu zaidi kidogo. Wenye hisa wanapenda kuona watu wanataka kuingia mahali ambapo wao wameshaingia.

Jumatatu ndiyo siku ya kufua nguo Braxton, na Jumatatu ile alipanda ngazi za ofisi yake mwanamke wa makamo, mikono mirefu iliyochubuliwa na magadi, kapu kiunoni. Alijitambulisha kuwa Honora Gilfoyle, dobi wa kilimani, juu tu ya kiwanda. Hakuketi. Alilitandika mezani shuka kubwa la kitani, jeusi kama nia ya Diwani.

"Hii ni kazi yako, Bwana Scollard. Nimelianika jeupe, nimelianua hivi."

Scollard alianza kumpongeza kwa kuishi karibu na maendeleo. Honora alimsikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayengoja mvua ipite, kisha akageuza pembe ya shuka na kumwonyesha alama ya uzi mwekundu, mfano wa mguu wa kuku. Akamweleza kwamba kila nyumba ina alama yake, la sivyo dobi atampelekea mchungaji suruali ya mwenye baa. Mguu wa kuku ni wa nyumba ya Crull. Bwana Crull akiuliza nani kalitia shuka lake masizi, yeye Honora si mwongo.

Jina hilo lilimtia Scollard baridi ya ubavu. Lakini pesa alizokusanya zilikuwa mkobani, na mkoba ule ulikuwa mwanzo wa maisha yake mapya: alikusudia kwenda nao San Francisco, anunue hoteli ndogo yenye mitende ndani, asidanganye tena mtu yeyote isipokuwa wageni. Hakuwa na nia ya kuupunguza kwa ajili ya shuka. Akachomoa hisa kadhaa katika fungu lake.

"Karatasi hailiki," Honora akasema.

"Kutwa wanakuja kunililia niwauzie hizi, mama. Daktari kanunua. Mchungaji kanunua. Wewe nakupa bure."

Honora aliikaribisha karatasi machoni, akaipapasa kama anavyopapasa kitambaa, akaguna kwamba angalau ni nene. Akaondoka nazo. Scollard alicheka peke yake mpaka mkufu wa saa ukalia. Amelipa deni kwa picha ya mwanamke mwenye nyundo.

Jumatatu iliyofuata Honora alirudi na shuka lingine jeusi, na nyuma yake wanawake wengine wa kilimani, kila mmoja na masizi yake. Scollard aliwagawia karatasi kama padri anavyogawa baraka. Ilimbidi azidishe moshi, maana wenye hisa walikuwa wanaulinganisha na wa Crull kwa saa na darubini. Moshi ulipozidi, mashuka yalizidi. Mashuka yalipozidi, kapu la Honora lilizidi. Na mabwana wa mjini, kwa fahari ya dohani mpya, sasa walibadili kola mara tatu kwa siku, na zote zilikwenda kilimani kufuliwa. Moshi wa Scollard ulikuwa unawalisha wale wanawake kwa mikono miwili, lakini yeye jicho lake lilikuwa kwenye mkoba tu.

Mkoba ulipokataa kufungika, alinunua tiketi ya kwenda magharibi. Ndipo akapata mwaliko wa kwenda hoteli ya Alderson, ukumbi wa kusomea magazeti, kuonana na Wakili Tench.

Wakili Tench alikuwa mrefu, amenyolewa vizuri, suti nyeusi, glovu za kijivu ambazo hakuzivua hata kwa kahawa, na kola nyeupe kiasi cha kumfanya Scollard aione yake kuwa ya jana. Aliongea chini, kama watu waliozoea kusikilizwa. Bwana Crull, alisema, haupendi moshi usio wake. Anataka kukinunua kiwanda ili akifunge. Scollard hakushangaa, ndivyo wafalme wa chuma walivyokuwa wakifanya bonde zima, wananunua kiwanda cha jirani, wanakinyonga, wanaondoka kwa amani. Kilichomshangaza ni bei. Wakili aliitaja bila kupepesa, na Scollard ikambidi ashike ukingo wa meza. Mkoba wake, mbele ya bei ile, ulikuwa shomoro mbele ya bata mzinga.

Hata hivyo yeye hakuwa mtoto wa jana. Tapeli mzuri humtilia shaka kila mtu, kwa heshima ya fani. Akiwa bado anatafuta swali la mtego, Wakili Tench alitoa leso kufuta midomo, na pembeni mwa leso Scollard akaona uzi mwekundu. Mguu wa kuku. Roho yake ikatulia tuli. Mtu huyu leso yake inatoka ndani ya nyumba ya Crull.

"Sharti ni moja," wakili akamalizia. "Bwana Crull hanunui vipande. Lete hisa zinazopita nusu, hapa, kesho adhuhuri. Ukichelewa, tutatafuta njia nyingine ya kuuzima huo moshi."

Scollard alirudi ofisini akiruka madimbwi. Akafungua sanduku la fungu lake, akakuta fungu limekonda kama mbwa wa maskini. Nusu haipo. Nusu ilikuwa kilimani, ndani ya kapu la dobi.

Asubuhi alipanda kilima na mkoba wake, akijaribu kutembea kama mtu aliyepita kwa bahati. Jikoni kwa Honora palijaa mvuke. Wanawake walikuwa wanapiga pasi kola za mji mzima. Scollard aliwaambia kwamba dhamiri imemsumbua kwa kuwalipa karatasi, sasa amekuja kuwapa fedha taslimu kidogo. Honora alikuwa anajaribu joto la pasi kwa kuitemea mate. Pasi ikalia chwii.

"Karatasi zenyewe tumeshazizoea, Bwana Scollard. Nene, nzuri. Tumetandikia makabati."

Akapandisha. Wanawake wakatazamana, wakasema kwamba yule mama mwenye nyundo anawaletea bahati. Akapandisha tena, jasho likimteremka hadi kwenye kola, na kola ikaanza kulegea. Kwa mbali kengele ya kanisa la mawe ilikuwa inajiandaa na adhuhuri.

"Mama, sema wewe basi. Bei yako."

Honora aliiweka pasi juu ya kinara chake. Akautazama mkoba, si yeye.

"Huo," akasema. "Na vilivyomo."

Kwa kitambo Scollard alisikia mitende ya San Francisco ikichakarisha masikioni mwake. Kisha akaifikiria bei ya Tench, hoteli yenye ghorofa, na mitende kila ghorofa. Akausukuma mkoba mezani. Wakammiminia karatasi zote kapuni, nyingine zina alama za vikombe, akashuka kilima mbio na kapu la dobi kichwani, naye hajali nani anamwona.

Karani wa hoteli ya Alderson hakumfahamu wakili yeyote wa jina hilo. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kola nzuri, ambaye mtu hawezi kumkatalia kukaa ukumbini. Jana alilipa kahawa yake mwenyewe. Leo asubuhi alipitia kuacha kifurushi cha Bwana Scollard.

Kilifungwa kwa karatasi ya kahawia ya dobi. Ndani mlikuwa na kola moja, safi, bado ina joto la pasi. Upande wa ndani, uzi mwekundu. Mguu wa kuku.

Scollard aliitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu. Alama ile haikusema nani mwenye nguo. Ilisema tu nguo imepita kwa nani.

Nje palikuwa kimya. Alisogea dirishani akawaona watu wa Braxton wamesimama katikati ya barabara, vichwa juu, midomo wazi. Dohani ya marehemu ilikuwa imekata roho mara ya pili; mzee Jupp, ambaye uziwi wake ulikuwa ukimpata saa za kazi tu, alikuwa ameuzima moto na kwenda zake. Pale ulipokuwa moshi palionekana pande la mbingu, safi, la buluu. Mama mmoja alimfunika mtoto wake macho. Halafu daktari akaanza kukimbia, mwenye hoteli akamfuata, na Diwani Mulvey, ambaye hakuwa amekimbia tangu achaguliwe, akawapita wote.

Scollard alitokea mlango wa jikoni wa hoteli. Mjini hakuwa na pa kwenda, na stesheni ndipo watakapoanzia. Alipanda kilima.

Honora alikuwa uani, anaanika. Kwenye kamba lilining'inia shuka moja kubwa la kitani, jeupe kama maziwa.

"Ni lile lile," Scollard akasema. Halikuwa swali.

"Lile lile. Kila Jumapili jioni tunalipaka masizi upya."

"Na Crull hakuuliza shuka lake liko wapi?"

"Nyumba ile ina mashuka mengi hata wenyewe hawajui idadi. Hapa kilimani tunalala wanne wanne kwenye blanketi."

Akamwuliza, kwa sauti iliyokwisha wanga, Tench ni nani. Mlango wa jikoni ulifunguka, akatoka mtu mrefu amevaa suti nyeusi, anavua glovu za kijivu. Kidole kwa kidole zilitoka, na glovu ya kushoto ilikuwa imejazwa pamba kwenye vidole viwili.

"Bwana mkubwa," akasema, kwa sauti ya kengele ya kanisa, "leo kuna kazi?"

Ndipo kwa mara ya kwanza Phineas Scollard akamtazama usoni. Alikuwa na macho ya kijivu, na kovu la moto kwenye shavu, kubwa kama sarafu. Lilikuwepo siku zote.

"Malachy, kaka yangu," Honora akasema. "Umemwambia aje kesho mpaka yeye na wenziwe wakaacha kuhesabu. Kuna mtu pale langoni aliuza kitanda ili aendelee kungoja, kisa moshi wako. Ungewaambia hakuna kazi, Bwana Scollard, tungekuacha uwale akina daktari kwa raha zako."

Chini zilisikika sauti za wenye hisa zikipanda njia ya kilima. Honora alimpima Scollard kwa macho, kama anavyopima mzigo, akamwambia avue. Suti ile itamfaa Malachy ikifumuliwa mapindo, maana aliyovaa ni ya kuazima, na mwenye nayo anaitaka Jumatano. Badala yake akamrushia koti lenye viraka na kofia ya kapero. Kola alimwambia abaki nayo ya kwenye kifurushi. Bure.

Hakuivaa. Koti lile halikuwa na mahali pa kola.

Akateremka, na wenye hisa wakamkuta katikati ya njia. Daktari alimpiga kikumbo. Mwenye hoteli alimwuliza kama amemwona bwana fulani mwenye kola nyeupe, wala hakungoja jibu. Mchungaji hakumwona kabisa, ingawa alimkanyaga. Scollard, aliyejiandaa kupigwa, aligundua kuna jambo baya zaidi kidogo kuliko kupigwa.

Njia ya kutokea mjini ilipita mbele ya kiwanda, na pale langoni mstari ulikuwa bado umesimama, maana hakuna aliyekuja kuwaambia. Wanawake walikuwa wanashuka na vikapu vya mkate, na katika kila mkono uliopokea mkate palibaki na kitu kingine kilichokunjwa, cha kumfikisha mtu mwisho wa baridi. Kikapu kilipomfikia Scollard, aliyejibanza mwishoni mwa mstari, mwanamke aliyekibeba alimtambua. Alimpa mkate tu.

Hakuwahi kuula. Diwani Mulvey alitokea akihema, uso mwekundu kama tanuri, akalitikisa lango, akachungulia ndani, akageuka na kuwatazama wanaume wote wale, mmoja baada ya mwingine, akiwamo yule mfupi mwenye koti kubwa ambaye alikuwa amemlisha chaza kwa mkono wake.

"Nanyi mnangoja nini hapa?" akafoka. "Tawanyikeni. Njooni kesho."